Mabati Ishirini na Mawili

Nyumba ya Waringa imejengwa kwenye mteremko, chini ya barabara inayopanda kutoka Londiani mjini kwenda kanisani, kwa hiyo anayepita haoni mlango wala dirisha. Anaona paa. Na kwa miaka kumi na minne paa hilo lilikuwa na sura mbili. Upande wa kulia kulikuwa na mabati marefu yaliyonyooka, yote ya aina moja, yamepauka kwa umri. Upande wa kushoto ulikuwa viraka vitupu. Mafupi yalipandana na marefu, mengine yameliwa na kutu, mengine ni ya bluu kutoka kibanda cha mboga kilichobomolewa. Manne yalitoka kwenye zizi la ndama la Chepkemboi, jirani yake, na moja lilikuwa na tangazo la sabuni, herufi zimesimama kichwa chini.

Watu wa kanisani walikwisha kulizoea. Wageni walicheka, wakauliza, na wakishajibiwa hawakucheka tena.

Walichojibiwa ni hiki. Morris Nganga, mume wa Waringa, alikufa lori la mbao lilipopinduka kwenye kona za msituni. Siku ya nane baada ya mazishi Waringa alikwenda kwa chifu kufuata karatasi za kifo. Aliporudi mchana alikuta ngazi imeegemezwa ukutani, vijana wawili wa kuajiriwa wako juu, na Njenga, kaka mkubwa wa marehemu, amesimama uani anapanga mabati chini. Nusu ya nyumba ilikuwa wazi. Mvua ilikuwa imeshaanza. Magodoro ya watoto, madaftari, gunia la unga, picha ya harusi iliyotundikwa sebuleni, vyote vilikuwa vinanyeshewa.

Njenga hakupandisha sauti. Alisema mabati hayo yaliletwa kutoka Nakuru kwa pikapu yake, na yeye ndiye aliyemwonyesha Morris duka, kwa hiyo alikuwa anachukua nusu yake. Alisema pia kwamba mwanamke kijana hawezi kukaa peke yake kando ya msitu, na kwamba ingekuwa vyema arudi kwao Ol Kalou na watoto wake, shamba libaki na wenyewe. Kisha akapakia mabati ishirini na mawili, akaondoka.

Waringa hakwenda Ol Kalou. Alilala na watoto wawili katika nusu iliyobaki, akafunika ile nyingine kwa karatasi za nailoni, na kila alipopata bati mahali alilibeba kichwani akaja kulipigilia. Wazee aliowapelekea malalamiko walimwambia hayo ni mambo ya familia. Njenga naye aliezeka kisiagi chake cha mahindi kule njiapanda, akayapaka mabati rangi nyekundu. Rangi haikumdanganya Waringa. Aliyajua mabati ya mumewe kama anavyojua ng'ombe wake.

Baadaye maisha yalimnyookea. Viazi vilikubali, ng'ombe watatu wakawa wanakamuliwa, akanunua tangi la maji, akajenga jiko la nje, akasomesha watoto hadi wakaajiriwa. Lakini paa hakuligusa, ila kuziba palipovuja sana. Alipoulizwa alisema wakati bado. Ukweli ni kwamba Njenga alikuwa mzee wa kanisa, na kila Jumapili alipita barabarani pale juu na Biblia kwapani. Saa hiyo Waringa alihakikisha yuko uani na ufagio, amesimama, anamtazama. Njenga hakuwahi kuangalia chini. Aliigeuza shingo upande wa msitu kama mtu anayetafuta nyani, na hakuirudisha mpaka apite mti wa mwisho wa ua. Waringa aliishi kwa kuiona shingo hiyo. Kuna Jumapili alizoumwa homa, akajikokota hadi nje na blanketi mabegani ili tu aione ikigeuka.

Mwaka jana, mwezi wa nne, binti yake Wahu alikuja nyumbani kutoka Mogogosiek, ambako anafundisha shule ya msingi, akiwa na habari mbili. Ya kwanza ilikuwa kwamba amepata mchumba, na kwamba watu wa kina mchumba wangekuja mwezi wa nane kwa ruracio, kuleta mahari. Ya pili ni kwamba alikuwa amekuja na fundi.

Fundi huyo aliitwa Gichana, mtu wa maneno machache aliyepanda ngazi bila viatu. Alikaa juu karibu saa nzima, akigonga mbao kwa kitako cha nyundo na kusikiliza. Aliposhuka alieleza kwamba mabati ya kulia bado yangeweza kuvumilia kwa kubadilishwa misumari na kofia ya juu, lile bati la kufunika kilele. Tatizo lilikuwa mbao za upande wa kushoto. Maji yalikuwa yamezilowesha miaka yote, na msumari ulikuwa unazama humo kama kijiti kwenye ugali. Angeweza kuziba, akasema, lakini huko kungekuwa kuomba mwaka mmoja, labda miwili. La maana lilikuwa kubomoa paa lote na kuanza upya.

Wahu alikuwa ameshachagua hata rangi ya mabati.

"Ziba," Waringa akamwambia fundi.

Gichana alimtazama Wahu, Wahu akamtazama mama yake. Walibishana sebuleni jioni yote, chai ikapoa. Wahu alisema ameweka akiba kwa ajili ya kazi hiyo, na kaka yake aliye Thika angeongeza. Waringa alisema shida si pesa. Mwishowe, alipobanwa sana, alieleza alichokuwa anafikiri tangu asikie neno ruracio. Wageni wangekuja wamejaa gari zima, wazee wenye kofia na kina mama wenye lesi. Wangeegesha juu barabarani na kuliona paa kabla ya kuona kitu kingine chochote. Wangeuliza. Na Njenga angekuwa amekaa hapo, kwenye kiti cha mbele, kwa sababu Morris hayupo, na kaka mkubwa ndiye anayekaa kiti cha baba. Isitoshe, Wahu alipewa jina la mama yao Morris na Njenga. Njenga asingeweza kukosa kumtoa msichana mwenye jina la mama yake mzazi. Nusu ya Londiani ingemcheka.

"Nataka aulizwe akiwa amekaa chini ya paa lenyewe," Waringa akasema. "Nataka nimuone atageuza shingo wapi."

Wahu alisukuma kikombe chake kando. "Mami, hiyo ni siku yangu," akasema. "Umeichukua ukampa Njenga."

Maneno hayo yalimwingia Waringa, lakini hayakumgeuza. Gichana aliziba. Alipaka gundi ya lami kwenye matundu, akatia misumari mipya, akaegemeza mbao mbili za kusaidia. Hata lile bati la sabuni lilibaki pale pale. Wahu alirudi Mogogosiek bila kukunja nguo zake vizuri, na kwa wiki tatu alimpigia mama yake simu mara moja tu.

Halafu mwezi wa tano ikaja mvua ya mawe.

Mawe ni kitu cha kawaida huku. Wakulima wa chai huyahesabu kama watu wa kwingine wanavyohesabu nzige. Lakini yale ya siku hiyo yalianguka mchana saa tisa, makubwa kama viazi vya mbegu, dakika ishirini mfululizo. Waringa alikuwa zizini akikamua. Alisikia paa likipigwa mpaka akaziba masikio, na katikati ya kelele hizo akasikia mlio mwingine, mzito, wa mbao kukatika. Mawe yalipotulia alivuka ua uliogeuka mweupe, akafungua mlango. Upande wa kushoto ulikuwa umelala sebuleni. Mabati ya Chepkemboi yalikuwa juu ya makochi, lile la sabuni lilikuwa limekata meza ya kioo, na chumba alicholala Wahu kila alipokuja kilikuwa kimejaa barafu na vipande vya mbao zilizooza.

Hakulia. Aliketi kwenye ndoo aliyoigeuza mlangoni, akalitazama anga kupitia mahali alipokuwa amelitazama miaka kumi na minne kabla, na moyo wake ukawa mgumu upya, kana kwamba Njenga alikuwa ameshuka ngazi dakika ile.

Gichana alikuja asubuhi, akazunguka nyumba mara moja. Safari hii hakutoa njia mbili. Hakuna cha kuziba tena, akasema.

Njenga alifika siku ya tatu. Alisimama nje ya lango, kofia mkononi, mara ya kwanza tangu siku ya mabati. Alikuwa amezeeka zaidi ya alivyoonekana kutoka chini; goti moja lilikuwa halikunjiki vizuri. Alimpa pole Mama Wahu kwa mkasa huo. Alisema kama familia wasingependa wageni waone nyumba ya marehemu katika hali hiyo, na kwamba yuko tayari kununua mabati mapya, ya rangi yoyote atakayotaka, ya nyumba nzima.

Zamani Waringa alimwita Baba Kimani, kama heshima inavyotaka. Siku hiyo alimwita jina lake.

"Njenga, sitaki mapya," akasema. "Nataka yale yale. Ishirini na mawili."

Njenga alieleza kwamba yale yamezeeka, yamepigwa misumari mara mbili, hayafai nyumba ya kuishi mtu. Waringa alisema anajua. Njenga akasema kisiagi kingebaki uchi. Waringa akasema hilo pia analijua. Akaongeza kwamba ayatoe kwa mikono yake, siku ya soko, mchana, na asipofanya hivyo ataita ndugu yake kutoka Ol Kalou aje akae kiti cha baba siku ya ruracio, na yeyote atakayeuliza kwa nini ataelezwa bila kufichwa kitu.

Njenga alivaa kofia yake, akaondoka. Wiki mbili zikapita. Waringa aliishi chini ya turubai, akipika kwenye jiko la nje, na kila Gichana alipopiga simu kuuliza aanze lini alimwambia angoje. Wahu alimsihi, kaka yake akamsihi. Chepkemboi, ambaye hakuwa mtu wa kuingilia, alimwambia kwamba kifua chake kinakohoa vibaya na baridi ya Londiani haimwogopi mtu. Waringa akapiga simu Ol Kalou mbele yake, akamwambia ndugu yake ajitayarishe, na akaongea kwa sauti ya kutosha kusikika barabarani.

Jumamosi iliyofuata, soko likiwa limejaa, Njenga alipanda juu ya kisiagi chake.

Habari zilimfikia Waringa kabla hajamaliza kukamua. Alivaa gauni lake la kanisani, akachukua kigoda, akaenda njiapanda, akaketi ng'ambo ya barabara mkabala na kisiagi. Hapo alikaa kuanzia saa nne hadi saa kumi. Njenga alikuwa na kijana wa kumshikia ngazi, lakini misumari aliing'oa mwenyewe. Lile goti lilimsumbua. Kila alipotaka kuhama mbao aliburura mguu, akapumzika, akahema. Watu walisimama na mahindi yao mabegani. Wazee walikumbushana, kwa sauti za chini, mabati hayo yalitoka wapi, na wale vijana waliokuwa watoto wakati ule wakaambiwa. Waringa alitandaza mikono mapajani. Alihesabu. Kila bati lilipotua chini aliinua kidole kimoja pajani mwake, na utamu alioupata ulikuwa mkubwa kuliko alivyowahi kuuwaza akiwa na ufagio uani. Safari hii Njenga hakuwa na pa kugeuzia shingo. Alikuwa juu, na barabara yote ilikuwa chini yake inamwangalia.

Kwenye bati la kumi na nane mke wa Njenga, Jennifer, alitoka ndani ya kisiagi. Ndiye aliyekiendesha, maana Njenga siku hizi alikuwa na kanisa na maumivu yake. Alikuwa mweupe kwa unga hadi kwenye kope. Alifunika mota kwa magunia, akafunga kwa kamba, akasimama kuangalia mawingu yaliyokuwa yanakusanyika upande wa msitu. Alimwona Waringa. Wakatazamana. Waringa ndiye aliyeangalia pembeni kwanza.

Mvua ilinyesha jioni hiyo na siku mbili zilizofuata. Mabati yaliletwa kwa mkokoteni, ishirini na mawili kamili. Waringa alimwita Gichana, wakavua paa lote, hata upande wa Morris, wakaweka mbao mpya na mabati mapya ya kijani, yale aliyoyachagua Wahu. Yale mekundu aliwaezekea nguruwe aliowafuga nyuma ya zizi. Alipokuwa anawamwagia maganda alisimama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akisikiliza matone yakipita kwenye matundu na kuwaangukia mgongoni, na alicheka peke yake.

Wiki ya pili Jennifer alikuja. Hakupita langoni. Alikuja kwa nyuma, kwenye pengo la ua, njia aliyokuwa akipita miaka ile. Katika wiki mbaya ya msiba, nusu ya nyumba ikiwa wazi, sufuria ya uji ilipatikana kila asubuhi kwenye pengo hilo, imefunikwa kwa sahani, bado ya moto. Waringa hakuwahi kuuliza ni ya nani. Sahani hizo alizijua, maana alikwishakula harusi nyumbani kwa Njenga.

Jennifer alikataa kukaa. Alisema magunia hayakuzuia maji, mota imeungua, na unga wa watu saba umeoza, na wenye unga huo wanamjia yeye mlangoni kila asubuhi. Hakulalamika kwa sauti. Alieleza kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Yeye umemkomesha," akasema alipomaliza. "Sisemi hakustahili. Lakini mimi nilikukosea lini?"

Waringa alitaka kusema kwamba mke wa mtu hubeba mambo ya mtu, lakini yeye mwenyewe alikuwa amebebeshwa mambo ya namna hiyo akiwa na miaka thelathini na sita, chini ya mvua. Jennifer akarudi kwa njia aliyojia.

Mabati kumi na sita ya kijani yalikuwa bado yamepangwa uani. Hayo yalikuwa ya jiko na kibaraza, na Gichana alikuwa aanze kesho yake. Asubuhi Waringa alimpakia yote kwenye mkokoteni, akamwambia ayapeleke kisiagini na ayapigilie, na kama Njenga akiuliza aambiwe si yake, ni ya Jennifer, asiyaguse. Fundi wa mota naye alilipwa na Waringa. Wahu alipopigiwa simu na kuelezwa, alisema jiko linaweza kungoja. Siku hiyo walizungumza hadi salio likaisha.

Ruracio ilikuja Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane. Wageni waliegesha juu barabarani, wakashuka wakiimba. Waliona paa moja, la rangi moja. Njenga alikaa kiti cha baba kama walivyokubaliana, koti limepigwa pasi, na ndugu wa Waringa kutoka Ol Kalou alikaa kando yake bila kuongea naye. Mazungumzo yalikwenda vizuri. Mzee wa upande wa kijana, mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliinua macho baada ya chakula, akaisifu nyumba. Akasema marehemu alikuwa mtu wa bidii kuacha nyumba imara namna hiyo, au labda ni mzee hapa aliyeisimamia, na akamwelekea Njenga kwa heshima.

Waringa alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Hakusogea. Wahu, aliyekuwa amekaa na wasichana wenzake, aliinamisha uso. Njenga aliangalia dirishani, halafu ukutani, halafu akakuta macho ya Waringa na hayakumwachia.

"Si mimi," akasema. Sauti yake haikufika nyuma, akalazimika kurudia. "Si mimi. Nyumba ni ya mama wa huyu msichana. Mimi niliivua paa ndugu yangu akiwa na siku nane kaburini."

Yule mzee mnene alikohoa, akakunja kitambaa chake, akasema kwa haraka kwamba ni jambo jema watu kusema ukweli, na mtu mwingine akaanzisha wimbo.

Waringa aliingia na birika. Alimmiminia mzee wa wageni, akammiminia ndugu yake, akafika kwa Njenga. Kikombe chake alikijaza mpaka ukingoni kabisa, asiweze kukiinua bila kujimwagia, akaendelea kwa mgeni aliyefuata.

Siku hizi Njenga bado hupita Jumapili. Waringa humwona akiwa anatandika vitanda, maana hatoki tena na ufagio. Hajamsamehe, na akiulizwa na mchungaji husema hivyo bila kuona haya. Asubuhi za baridi Waringa hupita kwenye pengo la ua na maziwa, lita moja, akaenda kisiagini kwa Jennifer. Huko wawili hao hukaa juu ya magunia wakanywa chai, mashine ikinguruma kiasi kwamba hakuna haja ya kusema mengi.